Shangazi na kifungu cha 114

Huu ni mwezi wa tatu tangu nirudi Morogoro, baada ya miaka 18 Uingereza. Mnaosubiri nisimulie treni ya SGR na bei ya nyanya, vuteni subira. Kilichonishangaza ni watu wanavyoizungumza ndoa siku hizi.

Jirani yetu ana genge la mboga. Ameishi na baba wa watoto wake miaka tisa, bila posa, bila mahari, bila cheti. Nilipoondoka, mwanamke wa hivyo alisemwa kwa mafumbo, na mama yangu alimwitikia salamu nusu mdomo. Leo mama huyo huyo anamwita yule bwana "shemeji yenu". Hata parokiani, wanaoishi hivyo wanafungishwa ndoa kwa mkupuo, watoto wao wenyewe wakiwashikia pete.

Sasa jirani na bwana yule wameachana, na dada huyo wa genge ametoka baraza la kata. Nikamwuliza, utadai nini nawe hukufunga ndoa? Akanijibu huku anafunga fungu la matembele: "Dada, Sheria ya Ndoa, kifungu cha 160. Tumekaa zaidi ya miaka miwili, mtaa mzima unatujua mke na mume. Anayebisha athibitishe yeye." Kijiweni wanadhani miaka miwili peke yake inatosha kuhesabiwa mke na mume, wengine wanasema miezi sita. Yeye hakuisahau ile sehemu ya kujulikana na mtaa.

Nikaenda kuisoma. Sheria ya Ndoa ni ile ile ya 1971! Kifungu cha 114 ndicho kinachogawa mali iliyochumwa pamoja, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango. (Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, lakini msingi ukabaki.) Kwa hiyo kilichobadilika ni midomo yetu. Zamani kifungu kilikuwa cha wakili; sasa kiko gengeni, kati ya nyanya na bamia.

Pale palipotakiwa kubadilika sheria yenyewe, mwendo umekuwa wa kinyonga. Iliruhusu binti kuolewa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, mvulana 18. Mwanaharakati Rebeca Gyumi akaipeleka Mahakama Kuu, akashinda 2016; serikali ikakata rufaa, ikashindwa 2019, ikapewa mwaka mmoja wa kurekebisha. Mwaka ukapita hivi hivi. Kilichotisha watu ni kingine, ile adhabu ya miaka 30 kwa anayeoa mwanafunzi. Binti wa sare akipita, vijana wa bodaboda wanaonyana: "Thelathini hiyo!" Wanacheka, lakini hawamsogelei.

Jioni nilimhadithia shangazi haya yote. Mwaka 1998 nilimwona akirudi kwa babu na godoro, beseni na kuku wawili, baada ya miaka 24 ya kulima, kupika na kufyatua matofali ya nyumba aliyoiacha kule. Alikuwa akipepeta mchele. Akasikiliza, ungo ukasimama.

"Hiyo sheria ya lini?"

"Ya 1971, shangazi."

"Mimi niliolewa 1974," akasema. "Nilikuwa na miaka 15." Akatoa jiwe moja kwenye ungo, akalitupa uani, akaendelea kupepeta.