Jina Tulilompa Mwandishi

Kila muhula wa pili unapofika, mitihani ya mwigo inapokaribia na magazeti kuanza kuandika habari za mabweni yaliyoteketea, mimi hutafuta katika kila taarifa jambo moja ambalo ni nadra kuandikwa: ni nani aliyemtajia mwandishi jina la mshukiwa. Ninalitafuta kwa sababu mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mmoja wa waliotaja.

Nilikuwa kidato cha pili katika shule ya bweni ya wavulana nchini Kenya, ambayo sitaitaja. Jumatano moja, wakati wa masomo ya jioni, ukurasa uliochanwa kwenye daftari la hesabu ulipitishwa chini ya madawati, mkono hadi mkono, ukiwa umeandikwa kwa kalamu nyekundu kwamba Ijumaa usiku hapalali mtu, na atakayelala ni msaliti. Haukuwa na jina la mwandikaji. Usiku uleule mwanafunzi wa kidato cha nne alipita kitanda baada ya kitanda, akainama kwenye kila mto na kutikisa kibiriti karibu na sikio la aliyelala, bila kutamka neno. Mlio ule wa njiti ndio mkutano pekee tuliofanya. Sisi wadogo hatukuwa na malalamiko makubwa zaidi ya maharagwe yenye wadudu, lakini ilipofika Ijumaa kila mmoja wetu alikuwa amebeba kitu, na mimi nilibeba chupa ya mafuta ya taa niliyokabidhiwa na mtu niliyemwogopa kuliko nilivyomwogopa mwalimu mkuu.

Stoo ya magodoro iliungua pamoja na nusu ya bweni moja, na kwa rehema za Mungu hakuna aliyeumia. Nasema rehema kwa sababu mambo kama hayo yaliishia pabaya kwingineko. Huko shule ya St. Kizito, Tigania, mwezi Julai 1991, wasichana 19 walikufa na makumi ya wenzao kubakwa baada ya wavulana wa shule hiyohiyo kuwageukia kwa kukataa kujiunga na mgomo. Mwaka 1999, katika shule ya wavulana ya Nyeri, viranja wanne walifungiwa chumbani mwao wakachomwa na wanafunzi wenzao. Kisha ikaja Kyanguli, Machakos, Machi 2001, ambako petroli, mlango uliofungwa na madirisha yenye vyuma viliwaua wavulana 67 kwa usiku mmoja. Ukiyatazama maafa ya St. Kizito na Nyeri, unaona kwamba hasira iliyosemekana kuelekezwa kwa uongozi iliwaangukia kwanza wanafunzi wenyewe, hasa wale waliokataa kufuata kundi au waliopewa kazi ya kulisimamia.

Kwetu sisi, kundi halikuvunjika moto ulipozimwa. Jumapili, tukisubiri kufukuzwa, wakubwa wanne waliketi nyuma ya jiko wakakubaliana jina la kutolewa. Walimchagua mvulana aliyehamia shuleni kwetu muhula uliotangulia, mpole, asiye na rafiki, ambaye wiki ile alikuwa ameonekana akibishana na mwalimu wa bweni kuhusu sanduku lake. Alikuwa amelala zahanati usiku wa moto, na sote tulilijua hilo.

Jumatatu asubuhi tulimkuta mwandishi kituo cha matatu, akiwa na daftari dogo na tabasamu la uchovu. Alitununulia mandazi na soda kwenye kibanda kilichokuwa jirani, kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, kinara wetu alikuwa nani. Mkubwa mmoja alisimama hatua chache nyuma yetu akijifanya kusoma tangazo ukutani. Nililitaja jina mdomo ukiwa bado na mandazi, wenzangu wawili wakatikisa kichwa kukubali, naye akaliandika. Siku mbili baadaye lilichapishwa pamoja na kidato chake na kijiji cha kwao, na chanzo kikatajwa kuwa "wanafunzi waliozungumza nasi". Yule mvulana hakurudi shuleni, hata baada ya uchunguzi kumwondolea lawama kimyakimya, bila mstari hata mmoja gazetini.

Neno hilo la kinara linanisumbua mpaka leo, nami nimefanya kazi ya habari kwa miaka mingi sasa. Linampa mhariri kichwa cha habari chenye uso, lakini linageuza tendo la watu mia mbili waliotishana kuwa tendo la mtu mmoja mwovu. Kanuni za maadili zinazosimamiwa na Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya zinakataza kumfuata mtoto akiwa shuleni bila ruhusa ya wasimamizi, na kumhoji kuhusu maslahi yake bila mzazi au mtu mzima anayemwajibikia. Sheria ya Watoto ya 2001, iliyokuja baada ya moto wetu, ilizuia kuchapisha jina, makao na hata shule ya mtoto aliye katika kesi. Tatizo ni kwamba jina tulilolitaja sisi lilichapishwa kabla kesi haijakuwapo, kando ya barabara ambayo si shule wala mahakama, katika zile saa chache ambazo kila chombo kinataka kuwa cha kwanza.

Mahakama huenda kwa mwendo mwingine kabisa. Moto wa shule ya Moi Girls, Nairobi, wa Septemba 2017 uliua wasichana 10, na mwanafunzi aliyekuwa na umri wa miaka 14 alishtakiwa kwa mauaji. Ilichukua zaidi ya miaka minne kufikia uamuzi, na uamuzi wenyewe ukawa kuua bila kukusudia. Tofauti hiyo, ambayo majaji waliipima kwa miaka, mitandao ilikuwa imeimaliza kwa siku moja. Tena mwaka 2016, shule zaidi ya 100 zilipoungua, tulikuwa tukitangaza idadi kila asubuhi kama matokeo ya ligi, na siamini kwamba wavulana waliokuwa wakisikiliza redio za viranja hawakuhesabu nao.

Mwaka jana, saa chache baada ya moto katika shule moja ya huku kwetu, kijana alinipigia simu kituoni akitaka kunipa jina. Alilitamka haraka, kama somo lililokaririwa. Sikuliandika. Nilimuuliza amesimama na nani hapo alipo, akanyamaza, nikasikia mtu mwingine akikohoa karibu naye, kisha simu ikakatwa.