Joto la chokaa, kutoka tanurini hadi ukutani

Kuta za Mji wa Kale wa Lamu, ulioingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, zimesimama kwa vitu vitatu: mawe ya matumbawe, boriti za mikoko, na chokaa iliyochomwa kutokana na mawe ya namna hiyo hiyo. Sijui somo zuri kuliko chokaa hiyo la nishati katika mimenyuko ya kikemia. Mwanafunzi hukariri kwamba ΔH, yaani joto linaloingia au kutoka katika mmenyuko, ikiwa na alama ya kujumlisha joto linanyonywa, ikiwa na alama ya kutoa joto linatoka, na mtihani ukipita anasahau. Fundi mwashi naye huona lipu ikitoa vipele miezi sita baada ya kazi, akalaumu mchanga. Wote wawili wanatafuta jibu moja. Hitilafu nyingi za chokaa ni hitilafu za joto: halikutosha, lilizidi, au liliondoka kabla ya wakati wake.

Mimenyuko yenyewe ni mitatu. CaCO₃ ni kalsiamu kabonati, yaani jiwe; CaO ni kalsiamu oksaidi, chokaa isiyozimwa; Ca(OH)₂ ni kalsiamu haidroksaidi, chokaa iliyozimwa; CO₂ ni kaboni dayoksaidi. Namba hizi ni za kilojuli (kJ) kwa moli moja, kipimo cha wanakemia cha idadi ya chembe, katika nyuzi 25:

CaCO₃ → CaO + CO₂, ΔH = +178 kJ (tanurini)
CaO + H₂O → Ca(OH)₂, ΔH = −65 kJ (kuzima kwa maji)
Ca(OH)₂ + CO₂ → CaCO₃ + H₂O, ΔH = −113 kJ (ukutani)

Jumlisha: 178 − 65 − 113 = 0. Jiwe limeanza likiwa kalsiamu kabonati na limeishia kalsiamu kabonati, kwa hiyo hesabu lazima ifunge. Ndiyo kanuni aliyoitangaza Germain Hess mwaka 1840: jumla ya joto hutegemea ulikoanzia na ulikoishia, si njia uliyopita. Dawa ya deni ni kulipa. Jiwe linakopa kilojuli 178 tanurini, linarudisha 65 ndani ya pipa na 113 ukutani. Kinachotofautiana ni muda: pipa hulipa kwa dakika, ukuta hulipa kwa miezi na miaka.

Tuanze na moto. Kilo 1,000 za jiwe safi na kavu hutoa kilo 560 za chokaa isiyozimwa, na kilo 440 zinapotea angani zikiwa kaboni dayoksaidi. Kulifikisha jiwe hilo nyuzi 900 na kulivunja kunahitaji takriban megajuli 2,700. Kilo moja ya kuni zilizokauka vizuri ina karibu megajuli 15, kwa hiyo kwenye karatasi kilo 180 za kuni zinatosha. Lakini katika tanuri la wazi, yaani magogo yaliyopangwa duara na mawe kurundikwa juu yake, joto jingi linakwenda juu na pembeni. Ukikadiria kwamba robo tu ndiyo inayoingia kwenye jiwe, andaa kilo 720. Kuni mbichi zinavuruga kila kitu: kila kilo ya maji iliyomo inakula megajuli 2.5 na ushei ili igeuke mvuke, na mvuke huo ukitoka na nyuzi 900 unaondoka na karibu megajuli 1.8 nyingine. Mawe yaliyonyeshewa ni vivyo hivyo. Usichome katikati ya masika kisha ushangae mawe yametoka meusi na mazito.

Kuhusu malighafi nina msimamo, nao siubadilishi: matumbawe hai yaachwe baharini na mikoko iachwe mizizi majini. Jiwe la matumbawe ya kale linalochimbwa nchi kavu linatoa chokaa ile ile, tena chumvi yake ni pungufu. Mvinje mkavu, vifuu na matawi ya mwarobaini yaliyokatwa yanatosha kwa moto.

Mwanafunzi atauliza: ikiwa mmenyuko unanyonya joto kiasi hicho, kwa nini unatokea? Jibu liko kwenye gesi. Jiwe gumu linapoachia kaboni dayoksaidi, entropia, yaani kipimo cha mtawanyiko, inaongezeka kwa karibu juli 160 kwa kila moli na kila kelvini. Kwenye ΔG = ΔH − TΔS, T ni joto kwa kelvini, ΔS ni ongezeko la entropia, na ΔG ikishuka chini ya sifuri mmenyuko unakwenda wenyewe. Upande wa TΔS unakua kadiri moto unavyopanda, hadi unaipiku ΔH. Gawanya 178,000 kwa 160 unapata kelvini 1,112, yaani nyuzi 840 hivi. Kipimo halisi ni karibu 900, kwa sababu ΔH na ΔS zenyewe hubadilika kidogo jinsi joto linavyopanda, lakini kwa hesabu ya mstari mmoja hapo ni karibu mno.

Hiyo 900 ni pale jiwe linapozungukwa na kaboni dayoksaidi tupu kwa shinikizo la angahewa moja. Kwa nyuzi 800 gesi inayotoka jiweni husukuma kwa takriban robo ya angahewa tu. Tanuri likizibwa, gesi inajikusanya juu ya jiwe na mmenyuko unasimama. Upepo ukiifagia, jiwe linaendelea kuvunjika hata chini ya 900. Ndiyo maana upepo una kazi mbili tanurini: kuleta oksijeni kwa kuni na kuondoa gesi kwa mawe. Watu wengi hukumbuka ile ya kwanza tu. Hata hivyo kusi ikivuma kwa nguvu upande mmoja unaiva mno na wa pili unabaki mbichi. Simamisha mabati upande wa upepo, ukiacha nafasi chini ya hewa kupita.

Bila kipimajoto, tumia rangi ya jiwe lenyewe, si ya miali, na uiangalie usiku au kwenye kivuli. Wekundu uliokolea ni nyuzi 750 hadi 800, bado. Rangi ya chungwa ni 900 hadi 950, na hapo ndipo pa kubaki. Njano ni 1,050 kwenda juu, na hapo umeanza kuharibu. Mawe yavunjwe yawe ya ukubwa wa ngumi, na yalingane. Joto linaingia kutoka nje, na kila tabaka linalovunjika linalinyonya kabla halijafika ndani, kwa hiyo jiwe kubwa kama kichwa cha mbuzi litakuwa na kiini kibichi hata moto ukiwa mzuri.

Kiini hicho si hatari. Hakizimiki, unakichuja na kukirudisha tanurini. Chokaa iliyoungua kupita kiasi ndiyo adui. Ikipita nyuzi 1,100 chembe zake zinashikana, matundu yanaziba, na maji hayaingii kwa urahisi. Pipani itaonekana kama kokoto isiyo na neno. Baada ya miezi, ndani ya lipu, unyevu unaifikia na inazimika huko huko. Kalsiamu haidroksaidi inachukua nafasi karibu maradufu ya kalsiamu oksaidi iliyoizaa, basi inasukuma lipu nje kwa kipande cha duara chenye chembe nyeupe katikati. Hivyo ndivyo vile vipele ambavyo mchanga husingiziwa.

Ili kujua tanuri limefanya kazi kiasi gani, weka alama kwenye mawe matatu ya sehemu tofauti na uyapime kabla na baada. Kilo 10 zikiwa 5.6, jiwe limeiva lote. Zikibaki 7, limepoteza 3 kati ya 4.4, yaani karibu asilimia 68 ndiyo iliyoiva. Livunje, dondoshea kiini matone ya ndimu: panapotoa mapovu bado ni kabonati.

Sasa maji, na hapa ndipo watu huumia.

Kilo moja ya chokaa isiyozimwa inahitaji mililita 320 tu za maji kwa mmenyuko wenyewe, nayo inatoa karibu kilojuli 1,160. Ukiipa maji hayo tu, joto halina pa kwenda: sehemu kavu zinapita nyuzi 100 kwa mbali, maji yaliyobaki yanageuka mvuke kwa kishindo na kurusha uji wa moto usoni. Ukitia lita 3, bado hesabu inapita kiwango cha kuchemka. Ukitia lita 4 za maji ya nyuzi 27, joto linafika takriban 96. Hilo ndilo eneo unalolitaka, nyuzi 80 hadi 95, kwa sababu chembe za haidroksaidi zinazozaliwa kwenye joto hilo ni ndogo sana na chokaa inakuwa laini kama samli. Ukiizamisha kwa lita 10, joto linaishia 55 hivi, kazi inakwenda polepole na chembe zinatoka kubwa. Ukibania maji, inaungua na kufanya madonge ambayo hayalainiki tena.

Utaratibu ni huu. Maji yaingie pipani kwanza, chokaa ifuate, kidogo kidogo, ukikoroga kwa koleo la mpini mrefu. Kamwe usimwagie maji rundo la chokaa. Pipa liwe la chuma. Ndoo nyepesi ya plastiki inalegea, sanduku la mbao linaweza kushika moto, na sufuria ya alumini inaliwa na chokaa huku ikitoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Kwa sababu ya joto hilo la kuzima, chokaa isiyozimwa haifai kupakiwa jahazini pamoja na maji ya ngama, yale yanayojikusanya chini ya chombo. Ukilazimika kuisafirisha, iwe kwenye mapipa ya chuma yaliyofungwa, juu ya mbao zilizoinuliwa. Au izime kabla ya kupakia.

Vaa miwani ya kufunika pembeni. Chokaa iliyozimwa ina pH ya 12.4, yaani ni alkali kali, na hula jicho. Ikiingia, osha kwa maji safi mengi bila kukatiza kwa dakika 20 ukielekea hospitali. Usitie siki wala ndimu jichoni kwa kudhani asidi itaituliza: huo nao ni mmenyuko unaotoa joto. Unga mkavu mwilini upanguse kwanza kwa kitambaa kikavu, ndipo uoshe.

Ikishatulia, ichuje kwa wavu wa milimita 2, iache chini ya maji kwa miezi mitatu angalau. Muda huo unazipa chembe zilizoungua nafasi ya kuzimikia pipani badala ya ukutani.

Kabla ya kuzima pipa zima, fanya jaribio la kikombe. Shule zinaweza kulifanya vilevile kwa gharama ndogo. Pima mililita 100 za maji kwenye kikombe kinene cha povu lisilopitisha joto, soma nyuzi, tia gramu 10 za chokaa isiyozimwa iliyosagwa, koroga kwa kijiti, andika nyuzi kila nusu dakika. Gramu 10 ni moli 0.178, mara 65 ni kilojuli 11.6, na kwa maji hayo joto linapaswa kupanda kwa nyuzi 27 hivi. Likipanda 18, theluthi mbili tu ya unga wako ndiyo chokaa hai. Kisha tazama muda. Chokaa nzuri inafika kileleni ndani ya dakika chache. Ikisuasua dakika 20, iliungua mno. Ikipanda upesi lakini ikaishia chini, ama ina viini vibichi ama imeshanyonya unyevu wa hewa ghalani, jambo rahisi sana Lamu. Ndimu itakuambia kama ni viini.

Ukutani joto la mwisho, kilojuli 113, hutaligusa kwa mkono. Lipo, ila linatoka polepole mno. Kila kilo ya haidroksaidi inahitaji gramu 594 za kaboni dayoksaidi, na mita moja ya ujazo ya hewa yetu ina takriban gramu 0.75. Hiyo ni hewa ya mita za ujazo 790 hivi. Chumba chembamba cha Lamu, chenye upana unaofuata urefu wa boriti, tuseme mita 2.8 kwa 6 kwa 4, kina 67. Kilo moja ya chokaa inataka hewa ya vyumba kumi na viwili! Basi chokaa haishiki kwa kukauka, inashika kwa kupumua, na madirisha yaliyofungwa yanaikosesha pumzi.

Inapumua kupitia utando mwembamba wa maji. Ukuta ukikaushwa na jua la kaskazi kwa siku tatu, mmenyuko unasimama na lipu inabaki ya unga. Ukiloweshwa mpaka matundu yajae, gesi inapenya ndani ya maji mara elfu kumi polepole kuliko hewani, nayo inasimama vilevile. Ninachopendekeza ni chokaa 1 kwa mchanga 3 usio na chumvi, tabaka la milimita 8 hadi 10, gunia lenye unyevu lining'inizwe mbele ya ukuta, na kunyunyiza kidogo asubuhi na jioni kwa wiki mbili. Kwenye zidaka (vishubaka vya ukutani) na pembe nyembamba nyunyiza zaidi, hukauka mapema. Saruji usiichanganye humo: inaziba njia ya hewa na kufungia unyevu wa chumvi ndani ya matumbawe.

Kujua kina kilichoshika, chukua kijiko cha manjano ya jikoni, koroga kwenye spiriti ya dukani, uache itulie. Kwangua lipu kwa msumari mpaka chini, pangusa vumbi, dondoshea ile spiriti ya njano iliyotulia juu ya manjano. Panapogeuka wekundu wa kahawia bado ni haidroksaidi. Panapobaki njano pamesharudi kuwa jiwe. Ukipata milimita mbili au tatu za njano juu, tabaka la pili linaweza kupigwa.