Haskapu moja haizai: mdogo wangu na kiuga chake cha theluji

Jumamosi mdogo wangu kanipigia vidio, mie niko kitaluni hapa Mtopanga, Mombasa, namwagilia miche ya mipapai, yuanionyesha kichaka kilichoko nyuma ya nyumba yao kule Saskatoon, Kanada. Ni haskapu, kichaka cha nchi za baridi chenye matunda madogo ya buluu, aina ya Tundra, kina miaka minne, kila mwaka chatoa maua lakini tunda hata moja hajaonja. Akaniuliza, "Dada, huu mti ni mgumba?"

Nkamuuliza umepanda vingapi? Kimoja tu. Basi shida ni hapo hapo!

Haskapu ua lake lina dume na jike pamoja, si kama mpapai, ila haishiki kwa unga wa ua (chavua) wake wenyewe, yataka mwenzake wa aina nyingine karibu, anayechanua wakati mmoja nayo ili nyuki wabebe unga huku na huku. Kwa Tundra mwenzake mzuri ni Aurora, na ukipanda Tundra mbili hujafanya kitu kwa sababu hao ni mche mmoja umezidishwa. Aliyemuuzia hakumwambia, na hilo laniuma sana maana hata mimi nauza miche, mteja akiondoka bila kujua hayo umemuuzia kuni.

Mti wenyewe alichagua vizuri lakini. Huko baridi yafika nyuzi -30 za Selsiasi na kushuka, haskapu yavumilia hata -40, na maua yake hayafi mpaka baridi ishuke chini ya -7, na hilo la maua ndilo watu husahau, mti waweza kupona kipupwe chote halafu usiku mmoja wa baridi mwezi wa tano ukamaliza maua yote.

Sasa, ukiondoa pahala pa Aurora, amebakisha nafasi ya kichaka kimoja tu, uga wenyewe kama sebule. Alikuwa ataka bluberi, nkamkataza, bluberi yapenda udongo mchachu, pH (kipimo cha uchachu) 4.5 hadi 5.5, na udongo wa kwao hauko hivyo, atapigana nao kila mwaka. Sibakithoni (sea buckthorn), kichaka kingine cha matunda, nayo ndiyo hasa kama mipapai, dume mbali jike mbali, tena ina miba na machipukizi yake yatambaa, hiyo ni ya mwenye shamba. Saskatuni, tunda lililoupa mji wao jina, lazaa likiwa peke yake na tamu masha'Allah lakini laweza kupanda mita tatu na zaidi, litamzibia jua.

Nimemchagulia blakikaranti, ile ile ya Ribena tuliyokunywa utotoni. Kimoja chatosha kuzaa, urefu mita moja na nusu hivi, kazi ni kukata matawi makongwe kila mwaka kabla hakijaamka, maana kichaka huzaa zaidi kwenye tawi la mwaka jana. Laiti ningeweza kukipanda hapa, lakini vichaka hivi lazima vilale baridi ya miezi ndipo viamke vichanue vizuri, na Mombasa hata Julai feni lazunguka.

Aurora ameshaagiza. Nimemsisitiza, haskapu ikigeuka buluu nje usichume hapo hapo, kata moja uangalie ndani, ikiwa bado kijani iache wiki moja au mbili, la sivyo utakula ukwaju ukidhani mti ni mbaya.