Usiku wa Makasha, Long Key

Nimekulia Tanga, ambako tulizoea kuyafuata matumbawe wakati wa maji kupwa, kwa hiyo sikuwahi kufikiri kwamba siku moja ningeyapokea yakishushwa kutoka kwenye gari. Hayo yalinikuta mwishoni mwa Julai 2023, nilipokuwa nikijitolea katika kituo kimoja cha utafiti kisiwani Long Key, Florida.

Siku hizo watu wote walitaja joto la bahari la nyuzi 38.4 za Selsiasi lililopimwa katika ghuba ya Manatee Bay tarehe 24, ingawa kipimo hicho kilitoka katika maji ya kina kifupi yenye matope, mbali na miamba. Mimi niliumizwa zaidi na habari za mwamba wa Sombrero, ambako siku nne kabla wapiga mbizi walikuta matumbawe yote yamekufa. Tumbawe hulishwa na mwani mdogo mno unaoishi ndani ya nyama yake. Joto likizidi kwa muda mrefu, mwani huo hutoka, nalo likabaki jeupe na njaa.

Makasha ya matumbawe yaliyotolewa baharini ili kuokolewa na joto hilo yalifika baada ya magharibi. Tulipoyafungua tulipokewa na harufu ya ute, kwa kuwa tumbawe linapotaabika hutoa ute mwingi. Hatukuyatumbukiza mara moja katika mahodhi, ambayo maji yake yalikuwa yamepozwa; tuliyachanganya maji kikombe kwa kikombe, karibu saa nzima, kwa sababu baridi ya ghafla nayo huua.

Kipande kimoja cha tumbawe aina ya akropora ya matawi mapana, spishi inayolindwa na sheria ya Marekani tangu 2006, kilikuwa kimepoteza kibao chake cha namba. Kila namba ni ukoo, yaani vipande vyote vilivyotokana na tumbawe moja. Matumbawe haya humwaga mayai na mbegu usiku, siku chache baada ya mwezi mpevu wa Agosti, na kwa kawaida vipande vya ukoo mmoja havitungishani. Asiyejua ukoo wa kipande atakizalisha na nani?

Nilikaa na daftari la wapiga mbizi, nikilinganisha picha na umbo la kila tawi, hadi saa tisa usiku nilipoipata namba yake. Niliiandika kwenye kibao kipya, nikakifunga kwa uzi wa nailoni. Kabla ya alfajiri nilimulika kwa tochi nyekundu: katika ncha mbili za kipande kile polipu, vile viumbe vidogo vinavyounda tumbawe, zilikuwa zimenyoosha mikono yake midogo, na ncha ya tatu ilikuwa nyeupe tupu.