Uliyemwumba Acheze Humo

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Andiko letu la juma hili ni Zaburi ya 104, mstari wa 24 hadi wa 26, nami ninaomba kila mmoja alisome mwenyewe kabla ya kuendelea, kwa sababu tafakari hii yote imesimama juu ya neno dogo lililo mwishoni mwake. Mtunga zaburi anaitazama bahari, anawataja viumbe wasiohesabika walio ndani yake na merikebu zipitazo juu yake, kisha anamtaja lewiathani, mnyama mkubwa wa majini, na kumwambia Mungu: "uliyemwumba acheze humo."

Wiki mbili zilizopita dada yetu mmoja, anayefanya kazi za nyumbani katika mji mmoja wa Uarabuni, alitutumia katika kundi letu la maombi video aliyoipiga siku alipowasindikiza watoto wa mwajiri wake kwenye maonyesho ya pomboo. Pomboo wawili wanaruka kwa pamoja, wanapita ndani ya pete, wanasukuma mpira, kisha mmoja anajitupa juu ya sakafu ya ukingo wa bwawa na kulala pale huku watoto wakipanga foleni ya kumbusu na kupigwa picha. Wengi wetu tuliandika "Haleluya" na "Mungu wetu ni fundi". Mimi pia niliandika hivyo, na nikaituma video ile kwa wajukuu wangu walioko Magu. Usiku, nilipoifungua Zaburi hii kwa ajili ya sala, neno "humo" lilinizuia nisiende mbele.

Mtu anaposema "humu" anasema ndani ya hapa alipo yeye. Anaposema "humo" anasema ndani ya mahali palipokwisha kutajwa. Mtunga zaburi amekwisha kuitaja bahari, kubwa na pana, kwa hiyo "humo" yake ni bahari hiyo na si mahali pengine popote. Tena si mnyama huyu peke yake. Katika Zaburi hii ndege wanatajwa pamoja na matawi yao, korongo pamoja na misunobari yake, mbuzi wa mwitu pamoja na milima, na simba pamoja na msitu anakotafutia chakula chake kwa Mungu. Ni kana kwamba Roho hakutaka tumtaje mnyama bila kutaja kwake. Sisi tumeuchukua mchezo wa pomboo na kuiacha bahari yake.

Ziwani kwetu, Ziwa Viktoria, pomboo hawamo. Tuna sato, sangara, furu, dagaa, na fisi maji huko kisiwani Rubondo. Wapendwa waliowahi kufika Kizimkazi kule Unguja ndio waliowaona, na niseme kwa kupita tu kwamba hata huko wako waongozaji wa boti wanaowafukuza na kuwazingira ili wageni waruke majini karibu nao, jambo ambalo nalo halipendezi. Lakini pomboo wa Kizimkazi akichoka anaweza kuzama na kwenda zake.

Pomboo si samaki. Huvuta hewa kama sisi, jike hubeba mimba karibu mwaka mzima, hunyonyesha, na mtoto hukaa ubavuni pa mama yake kwa miaka mitatu na hata zaidi. Angali mdogo hujitungia mluzi wake mwenyewe, na wenzake humtambua kwa mluzi huo kama sisi tunavyotambuana kwa majina. Anaweza kusafiri makumi ya kilomita kwa siku moja, na gizani huona kwa masikio, kwa maana hutoa sauti za kugongagonga na kusikiliza mwangwi unaorudi kutoka kwa samaki, kwenye mwamba na kwenye mchanga. Kiumbe wa namna hiyo akitiwa katika bwawa la saruji lenye maji ya klorini, mwangwi unaomrudia asubuhi na jioni, mwaka baada ya mwaka, ni wa ukuta uleule. Aliyewahi kusimama karibu na Jiwe la Bismarck, ule mwamba ulio majini hapa Mwanza, akatazama jinsi maji yanavyofunguka kuelekea kaskazini, na ajaribu kuwaza maji yote hayo yamepunguzwa mpaka yakaenea ndani ya ukumbi wa harusi.

Wengi wetu tuliandika pia, "Tazama anavyotabasamu." Wapendwa, mdomo wa pomboo umeumbwa hivyo. Umbo lile halibadiliki akiwa na njaa, wala akiwa mgonjwa, na hata akifa hubaki nalo.

Wengine huzaliwa mabwawani, lakini wengine hutekwa baharini, na namna wanavyotekwa tuliomo pwani ya ziwa tutaielewa upesi kuliko watu wa mahali pengine. Katika mji wa Taiji, nchini Japani, wavuvi hupanga boti zao mstari, hutumbukiza nguzo za chuma majini na kuzigonga mpaka kelele inakuwa kama ukuta, na pomboo, ambao masikio ndiyo macho yao, hukimbilia katika ghuba ndogo na kufungiwa humo kwa nyavu. Wachache huchaguliwa wauzwe kwenye mabwawa ya maonyesho, wengi huuawa. Wavuvi wetu wa Igombe na Kayenze wanaujua uvuvi haramu wa kupigapiga maji ili samaki wakimbilie wavuni, na wanajua kwa nini umekatazwa. Pomboo hai aliyefundishwa michezo huuzwa kwa bei iliyo mbali sana na bei ya nyama yake, na fedha hiyo mwishoni hutoka katika tiketi ya baba aliyetaka kuwafurahisha watoto wake.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Samsoni. Mioyo ya Wafilisti ilipochangamka walimtoa gerezani, akacheza mbele yao, na hatusomi popote kwamba mmoja wao aliuliza kama mtu yule alikuwa na furaha. Alikuwa anacheza, nao walikuwa wanacheka, na kwao hilo lilitosha.

Ndugu atasema kwamba Mwanzo 1:28 imetupa kuwatawala samaki wa baharini. Ni kweli, na silikani Neno. Lakini turudi nyuma mistari michache. Baraka ya kwanza kutamkwa katika Biblia nzima haikutamkwa juu yetu. Ilitamkwa siku ya tano, juu ya nyangumi wakubwa na viumbe wa majini na ndege, wazae na kuyajaza maji ya baharini. Tulipopewa kutawala, tulipewa kuwatawala waliokwisha kubarikiwa. Na katika Ayubu 41 Mungu mwenyewe anamwuliza Ayubu kama anaweza kumchezea lewiathani kama mtu anavyomchezea ndege, na kumfunga kwa ajili ya wasichana wake. Ayubu hakuthubutu kujibu ndiyo.

Mzee mmoja wa Kirumba aliniuliza swali gumu zaidi, na ninamshukuru: mbona hapa ziwani tunafuga sato katika vizimba? Nilimjibu kwamba sato anafugwa ili watu wale, na Bwana wetu mwenyewe aliwapa wanafunzi wake samaki ufukweni. Kubusiwa na pomboo si chakula wala dawa. Hata hivyo Mithali 12:10 inasema mwenye haki huufikiri uhai wa mnyama wake, na mwenye kizimba hajaachwa nje ya mstari huo. Jibu langu halimalizi swali lote, nanyi mnaweza kulijadili.

Nisingependa mtu avunjike moyo kwa kudhani kwamba jambo hili haliwezi kubadilika. Ric O'Barry, Mmarekani aliyekuwa akifundisha pomboo kwa ajili ya kipindi cha televisheni miaka ya 1960, anasimulia kwamba mmoja wao, aliyeitwa Kathy, alifia mikononi mwake mwaka 1970. Tangu hapo ameacha kazi ile na kutumia maisha yake kuipinga, kama Lawi alivyoondoka pale forodhani. India ilikataza mabwawa ya maonyesho ya pomboo mwaka 2013, Kanada ikapitisha sheria yake mwaka 2019, na Ufaransa mwaka 2021.

Ziwa letu nalo lina ushuhuda wake. Kati ya mwaka 1966 na 1969 sokwe waliokuwa wamefungiwa katika bustani za wanyama na sarakasi za Ulaya waliletwa kisiwani Rubondo na kuachiwa msituni, na uzao wao uko huko hadi leo, ukijitafutia matunda na kujijengea viota mitini. Pomboo aliyezaliwa bwawani hawezi kutupwa tu baharini, kwa kuwa hajui kuwinda, na ndiyo maana wanaowatetea wanatafuta ghuba zilizozungushiwa nyavu ambamo watatunzwa huku wakiyasikia maji ya kweli. Lakini wasikamatwe wengine, wala wasizalishwe wengine ili warithi bwawa.

Nimewaomba wajukuu wangu waifute ile video, nikawaeleza sababu. Dada yetu naye ameniandikia kwamba watoto wa mwajiri wanataka kurudi tena, naye hana amri ya kukataa. Nimemwomba awasimulie tu habari ya mluzi, kwamba pale bwawani kila mmoja ana jina alilojipa mwenyewe. Jumamosi watoto wetu wa shule ya Jumapili watavuka kwa boti kwenda Saanane, kisiwa kilichoanza kama bustani ya wanyama mwaka 1964 na ambacho tangu mwaka 2013 ni hifadhi ya taifa. Nimemwomba mwalimu wao awaketishe juu ya mawe, pale pimbi wanapoota jua, na awasomee kwanza mstari wa 18, unaosema magenge ni kimbilio la wibari, ambaye ndiye pimbi huyo. Kisha wageuke walitazame ziwa, na mmoja wao ausome mstari wa 26 kwa sauti.