Meno ya chuma kwenye geti la kutokea: nilivyoyaweka Malindi

Kiwanja ninachosimamia kiko Malindi, kando ya Lamu Road: maduka chini, vyumba vya kupangisha juu, mageti mawili. La kuingilia lina askari na mti wa kunyanyua. La kutokea halikuwa na kitu, kwa hiyo kila mwenye haraka aliligeuza la kuingilia. Njia yenyewe ina upana wa mita 3.2. Magari mawili yakikutana humo hakuna wa kumpisha mwenzake, na nyuma yao foleni inajipanga. Askari wa pili ni mshahara wa kila mwezi, na bado ataambiwa "naingia dakika moja tu". Nikaamua kuweka meno ya chuma, yale yanayolala gari likitoka na kutoboa tairi gari likiingia kinyume.

Meno hayasimamishi gari. Likipita kinyume litapata pancha, lakini dereva akitaka ataendelea kwa tairi bapa mpaka mwisho wa kiwanja. Mwizi hajali tairi. Anayetafuta ulinzi aweke geti zito na kufuli, asipoteze pesa zake hapa. Meno kazi yake ni kunyoosha mwelekeo wa madereva wa kawaida, na dereva wa kawaida anatakiwa akione kibao ageuze mapema. Tairi la mteja likitoboka, mimi nahesabu kwamba mpangilio wangu ndio ulioshindwa.

Ndiyo maana kazi ya kwanza ilikuwa kupima mahali, kabla ya kununua chochote. Watu wengi huyaweka meno pale pale kwenye mstari wa geti, na hapo ndipo balaa linapoanzia. Gari linalotoka lazima lisimame kusubiri nafasi ya kuingia barabarani. Likisimama huku magurudumu ya mbele yameshavuka na ya nyuma bado, dereva akarudi nyuma hata shubiri moja kumpisha mpita njia, matairi mawili ya mbele yamekwenda, na yeye hakukosa lolote. Probox ina urefu wa mita 4 na ushei. Mimi nimeacha mita 7 kati ya meno na ukingo wa barabara, gari zima likae hapo likisubiri. Kama huna mita 6 hivi, rudisha meno ndani zaidi. Kama ndani pia hakuna nafasi, achana na meno. Na yote yakae ndani ya mpaka wa kiwanja chako. Hifadhi ya barabara si yako.

Meno yako ya aina mbili. Ya kwanza hufukiwa, uso wake ukawa sawa na barabara. Inapendeza kwa macho, gari halisikii kitu, lakini chini yake kuna shimo, na shimo Malindi lina wageni wawili: mchanga na maji. Ardhi yetu ni tambarare, mvua ya masika ikishuka maji hayajui pa kwenda, na shimo lisilo na paipu ya kutolea maji hugeuka kisima cha tope. Aina ya pili ni sanduku la chuma linalofungwa juu ya zege kwa bolti, mfano wa tuta la kimo cha sentimita 5. Nimechukua hii. Hasara yake ni mshtuko kidogo kwa gari la chini, nao umetulizwa kwa kumwaga miteremko ya zege mbele na nyuma ya sanduku, kila mmoja sentimita 40. Faida yake ni kwamba nafungua bolti, nasafisha, narudisha, bila kuvunja zege.

Zege la msingi ni mita 3.2 kwa mita 1, unene sentimita 15, yaani karibu nusu mita ya ujazo. Limekula mifuko 4 ya simiti. Kwa kila mfuko: ndoo mbili na nusu za mchanga, ndoo tano za kokoto, na maji ndoo moja na robo, ndoo ya lita 20. Fundi atataka kuongeza maji ili koleo liteleze; mkatalie, zege la majimaji halishiki bolti. Mchanga uwe wa mto, si wa ufuoni, kwa sababu chumvi yake inakula wavu wa chuma uliomo ndani. Hata maji ya visima vingi huku ni ya chumvi, kwa hiyo yawe ya bomba. Wavu wenyewe nimeufunika kwa sentimita 5 za zege kila upande. Baada ya kumwaga, magunia yaliyolowa yamelala juu siku 7, na bolti hazikuguswa mpaka siku ya 14. Ukitoboa mapema, bolti inapopanuka inapasua zege badala ya kulishika.

Bolti ni za milimita 12, zimeingia sentimita 8, na kila moja iko zaidi ya sentimita 20 kutoka ukingo wa zege. Baada ya kutoboa, pulizia tundu vumbi lote litoke. Vumbi likibaki bolti inazunguka tu bila kukaza. Zile bolti zinazong'aa za dukani zimepakwa zinki nyembamba kama karatasi, na kwa hewa ya chumvi miezi michache inatosha zianze kutoa machozi ya kutu. Chukua zilizochovywa kwenye zinki ya moto, za rangi ya kijivu isiyong'aa. Sanduku na meno vivyo hivyo. Na matundu yote yatobolewe kabla ya kuchovya, kwa sababu tundu linalotobolewa baadaye ni mlango wa kutu.

Nafasi kati ya jino na jino. Tairi la gari dogo lina upana wa sentimita 16 hivi, kwa hiyo hata nafasi ya sentimita 12 lisingeponea. Lakini mji huu ni wa tuktuk. Tairi lake ni la 4.00-8, upana inchi 4, sentimita 10 tu, na la mbele liko katikati, si kwenye mstari wa yale ya nyuma. Meno yakiachana sana, au ukiacha pengo katikati ili kuokoa pesa, tuktuk inapenya huku dereva anapiga honi ya ushindi. Nafasi yangu ni sentimita 7.5 kutoka ncha hadi ncha, meno 42, kutoka ukuta hadi ukuta wa njia.

Tuktuk hiyo hiyo inaleta tatizo la pili, nalo ni zito zaidi: inapotoka kihalali. Gurudumu lake la mbele ni dogo na limebeba mzigo mdogo. Springi inayolirudisha jino juu ikiwa ngumu kupita kiasi, jino halilali upesi, linasugua mpira. Gari la tani moja na nusu halitakuonyesha kosa hilo hata ulipitishe mara mia. Kwa hiyo nilijaribu kwa njia mbili. Kwanza, mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia samaki: funga kamba kwenye ncha ya jino, vuta kwa mizani kuelekea upande linakolalia, soma kilo linapoanza kulala. Mengi yalilala kati ya kilo 6 na 9. Moja lilifika 14. Kulifungua, ndani ya tundu la pini, ile ambayo jino linazungukia, kulikuwa na tone la zinki lililoganda wakati wa kuchovya. Likakwanguliwa kwa tupa, likashuka hadi 8. Njia ya pili ni chaki: paka tairi la mbele la tuktuk tupu chaki nyeupe pande zote, isukume kwa mkono ivuke meno kwa upande wa kutoka, kisha angalia. Chaki iliyofifia tu ni sawa. Mstari mweusi uliochorwa kwenye chaki maana yake jino limekwaruza, na siku likikwaruza mara mia mbili litakata.

Usicheke, lakini kuna waliofunga sanduku kinyumenyume. Ncha za meno zielekee barabarani. Anayetoka anapanda mgongo wa jino na kulilaza. Anayeingia anakutana na ncha. Kabla ya kukaza bolti, simama barabarani utazame: kama huoni ncha zikikutazama wewe, geuza.

Bodaboda, baiskeli na waendao kwa miguu wasipite juu ya meno hata kidogo, hata kwa upande sahihi. Pikipiki itateleza, na kandambili ya mtoto itanaswa. Nimewaachia njia yao pembeni, nje ya ukuta mfupi unaoishikilia njia ya magari, upana wa mita 1 kamili. Kipimo hicho si cha kubahatisha: tuktuk ina upana wa mita 1.3, haiingii, usukani wa bodaboda unapita. Ndani ya njia hiyo nimesimamisha vyuma viwili kwa mshazari, pikipiki ipite kwa kujikunja, polepole. Mkokoteni wa maji haupiti hapo. Wenye mikokoteni wameelekezwa geti la kuingilia, na ilibidi mti wa pale unyanyuliwe kwa ajili yao bila maswali, la sivyo wangeweka ubao juu ya meno. Ubao ndio adui wa meno. Mbao mbili za inchi 2 na lori linaingia. Ukiona mbao zimeegemezwa ukutani karibu na geti, jua zina kazi.

Mwendo usizidi kilomita 8 kwa saa. Gari likija kwa kasi, meno yanapigwa chini na kurudi kwa nguvu, springi zinachoka, pini zinapinda. Mita 5 kabla ya meno, upande wa ndani, kuna tuta la kawaida, la kumlazimisha dereva abadili gia.

Vibao ni vinne. Viwili vinatazama barabarani, kushoto na kulia, kimoja kikiwa kwenye kona ambapo dereva bado anaweza kughairi bila kurudi nyuma: USIINGIE, MENO YA CHUMA, TAIRI LITAHARIBIKA. Viwili vinamtazama anayetoka: POLEPOLE, na chini yake USIRUDI NYUMA. Hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika, na ndicho kinachookoa tairi nyingi. Maandishi ni ya Kiswahili, Kiingereza na Kiitaliano, maana wageni wetu wengi ni Waitaliano, tena kwao wanaendesha upande wa kulia, basi geti la kutokea huliona kama la kuingilia. Chini kuna mchoro wa tairi na jino kwa asiyesoma lolote. Taa ni za sola, kwa sababu umeme ukikatika usiku ndipo kibao kinapohitajika hasa.

Matunzo. Usitie grisi kwenye pini za meno. Najua mkono wa fundi unawasha, lakini grisi na mchanga vikichanganyika ni msasa, na baada ya muda vinaganda kama simiti. Unga wa grafiti mkavu unatosha. Kila Jumamosi asubuhi askari anafagia, anakanyaga kila jino kwa ubao na kulitazama linavyorudi, kisha anamwaga maji ya bomba. Jino lililokwama chini ni hasara ndogo. Jino lililokwama juu ndilo la kuogopwa, kwa sababu linamtoboa mwenye haki, na karibu kila mara chanzo ni kokoto iliyoingia kwenye upenyo ikalizuia kulala. Kokoto hiyo imeletwa na matairi, kwa hiyo dawa iko mbali na sanduku: nimetandika kabro, yale matofali ya zege ya kutandika chini, mita 5 ndani na mita 5 nje, mawe yadondoke kabla ya kufika.

Kelele nayo isisahauliwe. Meno yakirudi kwa kishindo saa tano usiku, vyumba vya juu vinasikia kama sufuria zimeanguka. Tulipachika vipande vya mpira wa akala mahali jino linapogonga linaporudi. Fundi wa viatu alivikata vyote kwa nusu saa. Vinachakaa, vibadilishwe kila baada ya miezi kadhaa.

Sanduku lina kitasa cha kuyalaza meno yote na kuyafunga. Zima moto, ambulansi na lori la taka huenda wakahitaji kuingia kwa geti hilo, kwa hiyo ufunguo mmoja uko kwa askari, mwingine kwenye kisanduku cha kioo kando ya geti. Askari wa usiku na wa mchana wote wamefanyishwa zoezi la kutumia kitasa hicho gizani. Jaribu kitasa kila Jumamosi pamoja na meno. Kikishika kutu hutajua mpaka siku ya moto.

Vipuri: meno 4, springi 10 zisizoshika kutu na pini 6, vyote vimeagizwa pamoja na sanduku. Mwenye karakana anaweza kukuchongea jino kwa bamba la milimita 10, lakini springi ya saizi hiyo hutaipata kwa kuzunguka maduka ya mjini, na jino lisilo na springi linalala tu, na siku hiyo hiyo tuktuk watalijua.