Methanoli haiuzwi sokoni Majengo

Mbukwenyi wasomaji wangu.

Msimu wa miradi ya wanafunzi ukifika, maabara ninayohudumia hapa Dodoma inageuka genge la dawa za asili. Huyu kaleta magome ya mkwaju, yule majani ya mwarobaini, mwingine mizizi kwenye mfuko na anaijua kwa jina la Kigogo tu, hadi mtaalamu wa mimea aitambue kwanza. Mimi ni fundi sanifu. Kazi yangu ni vyombo na vitendanishi, ila maoni nayo ninayo.

Utaratibu wao naujua kwa moyo. Majani yanaanikwa kivulini, yanatwangwa, yanapimwa gramu 50, yanalowekwa kwenye methanoli, aina ya alkoholi, siku tatu. Wanachuja, wanaivukiza methanoli (umeme ukiwepo), kinabaki kitu cha kijani kizito kinachonata. Hapo ndipo yanaanza majaribio ya kutafuta makundi ya kemikali zilizomo. Tone la feriki kloridi, rangi ikageuka bluu nyeusi: kuna tanini. Tikisa na maji, povu likagoma kushuka: saponini. Kitendanishi cha Dragendorff kikitoa mashapo ya rangi ya chungwa, wanashangilia alkaloidi. Kisha ripoti inaandikwa kwamba matumizi ya asili ya mmea huu yamethibitika kisayansi.

Yamethibitika wapi? Chai ya rangi nayo ina tanini. Huwa nachukua kikombe cha kantini, nadondoshea feriki kloridi mbele yao, chai inakuwa nyeusi tii. Hakuna aliyewahi kuniambia chai hiyo inatibu malaria.

Lakini kinachonikera zaidi ni hiyo methanoli. Shangazi yangu wa Mpwapwa anachemsha mwarobaini kwa maji, kwenye sufuria, juu ya mkaa. Methanoli hana, na heri hana, maana inapofusha na inaua. Sasa uchungu wa mwarobaini unatokana na kemikali za kundi la limonoidi, na mojawapo, azadirakitini, huyeyuka vizuri kwenye alkoholi, kwenye maji kidogo tu, tena joto huiharibu. Kwa hiyo mwanafunzi anachambua kinywaji ambacho hakuna mtu Mpwapwa aliyewahi kukinywa.

Binti mmoja alinielewa, akaandaa vinywaji vyote viwili: cha methanoli, na cha maji yaliyochemshwa. Tukavidondosha bega kwa bega kwenye kibao cha silika, tukakisimamisha ndani ya kiyeyushi, ambacho hukipanda na kuzitenganisha kemikali, halafu chini ya taa ya urujuanimno ya nanomita 254 na 366. Upande wa methanoli madoa yalipanda ngazi nzima. Upande wa maji karibu kila kitu kilijikunyata chini. Mmea mmoja, dawa mbili.

Namna ya kuandaa si jambo la pembeni. Tu Youyou wa China, aliyepata Nobeli ya tiba mwaka 2015, alikwama na artemisia, mmea aliotafuta ndani yake dawa ya malaria, hadi aliporudi kwenye maandishi ya tabibu Ge Hong ya karne ya 4, yaliyoagiza mmea ulowekwe kwenye maji na kukamuliwa, bila neno la kuchemsha. Akashuku joto. Akatumia etha, inayochemka kwenye nyuzi 35 hivi, na dawa ikatoka. Wazee wa kwetu nao wana maagizo ya aina hiyo: huu chemsha, huu loweka usiku, huu usitie motoni kabisa. Wanafunzi hawayaandiki.

Sisemi dawa ya shangazi inatibu, wala haitibu. Kibao cha silika hakijibu swali hilo. Na mafuta ya mbegu za mwarobaini yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga, hivyo "ni ya asili" kwangu si utetezi.

Siku hizi hakuna anayepewa methanoli kwangu kabla ya kujaza jinsi dawa inavyoandaliwa nyumbani. Juzi kijana kaandika: "Inachemshwa mpaka bibi aseme basi." Nimemrudisha kwa bibi na saa na kipimajoto.